Mzazi aliyeficha asili yake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie watoto wanaogundua ukubwani kwamba baba au mama alificha asili yake. Wengi huwahi kumwita mzazi huyo msaliti. Tusiwe wepesi hivyo.

Huko Marekani, sheria ya jimbo la Virginia ya mwaka 1924 ilitaka Mzungu asiwe na hata chembe ya damu ya Kiafrika, na ikamkataza kuoana na asiye Mzungu. Katazo hilo la ndoa lilidumu hadi Mahakama ya Juu ilipolifuta mwaka 1967. Katika nchi ya namna hiyo, mwenye damu ya Kiafrika lakini ngozi nyeupe aliweza kuhama mji, akawakata ndugu zake, akaajiriwa na kuoa kama Mzungu. Nani angeshangaa?

Anatole Broyard, mhakiki wa vitabu wa New York Times aliyezaliwa New Orleans, aliishi hivyo. Watoto wake walielezwa mwaka 1990, yeye akiwa mahututi, tena na mama yao. Mwenyewe ulimi ulikuwa mzito. Shangazi yao aliyeishi kama Mweusi hawakuwa wamemzoea.

Hapo ndipo namlaumu. Kuikwepa sheria dhalimu ni jambo moja, kuwanyima watoto shangazi ni jingine kabisa.

Siku hizi watu hukimbilia kipimo cha DNA. Kitakupa asilimia, lakini hakitakuambia nani hakualikwa harusini na kwa nini. Hilo waulizwe wazee, wangali hai.

Msomaji wako