Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: pampu, chupa ya maji na jiko la kwenye korido

Wazazi wenzangu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za tangu juzi. Taarifa hii nimeichapa mwenyewe kwenye simu usiku mjukuu akiwa kalala, kwahiyo mkikuta sentensi ndefu haina nukta mnivumilie. Ya hela siyagusi, mhazini ana karatasi yake na atawasomea, mimi naongelea hii kazi yetu ya kupita majumbani kwa watoto wa pumu.

Mnakumbuka tulivyoanza, wazo lilikuwa moja tu: mtoto anabanwa, anakimbizwa hospitali, anavutishwa dawa kwa mashine, kifua kinafunguka, alafu anarudishwa kulekule kwenye chumba kilichombana. Wazo lenyewe si letu. Kule Marekani, hospitali ya watoto ya Boston walianza mwaka 2005 kutuma nesi na wahudumu wa jamii kwenye nyumba za familia zenye kipato kidogo, na baada ya mwaka mmoja watoto wanaokimbizwa emajensi kwa ajili ya pumu walipungua kwa asilimia 68 na wanaolazwa kwa asilimia 85 hivi. Niliposoma nikasema hii ndo yenyewe. Ila wenzetu wanagawa mashine za kufyonza vumbi na vifuniko vya godoro, na mende wanakuja kuuliwa na mtu aliyesomea, sisi tuna chupa za maji na miguu yetu.

Naanza na chupa maana hapo ndo tumefanya vizuri. Nyumba nyingi tulizoingia huku Dar, Manzese na Tandale, pampu ya kuvutia dawa ya pumu ilikuwepo, shida ni inavyotumika. Mama mmoja, ruhusa kanipa ila jina silitaji, alinionyesha anavyompa mwanae wa miaka sita: anamwambia achama, anampulizia kama anampulizia pafyumu, kale kamvuke keupe kanatokea pembeni ya mdomo, mtoto anakohoa, basi kazi imeisha. Akaniambia "bibi hizi dawa feki, hii ya tatu nanunua". Wala haikuwa feki, ilikuwa inaishia kwenye ulimi. Tukachukua chupa ya maji ya nusu lita, fundi wetu akatoboa kitako kwa waya wa moto, tundu la kutosha mdomo wa pampu bila kuacha upenyo, gundi pembeni ikaachwa ikauke kabisa. Mtoto anaziba shingo ya chupa kwa midomo, unabonyeza mara moja tu, anavuta na kutoa pumzi taratibu kama mara tano hivi, ndo unabonyeza tena. Mara ya kwanza kujaribu yule mtoto alicheka, akasema chupa ina ukungu kama friji. Na msidhani ni ubunifu wa mtaani tu, wataalamu wa Cape Town waliilinganisha chupa ya namna hii na spesa ya dukani, yaani lile kopo la plastiki linalochomekwa kwenye pampu, mwaka 1999 na watoto walifunguka kifua sawasawa. Ukishaiosha kwa maji ya sabuni usiifute na kitambaa, iache ikauke yenyewe, ukifuta dawa inanata kwenye plastiki. Wale wadogo wasioweza kuishika chupa kwa mdomo wanahitaji yenye barakoa, hiyo hatuwezi kutengeneza.

Na chupa si hospitali jamani. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, usikae kunipigia simu mimi, mpe pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua, huku mnatafuta bodaboda.

Kwenye pampu ya kahawia tumeanguka, na wa kwanza kuanguka ni mimi mwenyekiti wenu. Ya bluu kila mtu anaijua, inafungua hapohapo. Ya kahawia inatuliza uvimbe ndani ya njia za hewa na inatakiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima anacheza mpira. Sasa mwezi wa saba mjukuu wangu alikuwa mzima kabisa, nikajiambia ngoja niibane bane hii dawa imalizike polepole, mara naruka siku, mara wiki, mvua za vuli zilipoanza tukalala hospitali siku mbili. Hapo nimetoka kumfundisha mama wa nyumba ya pili asiruke hata siku moja! Basi nikarudi kwake nikamwambia ukweli, na nadhani ile siku ndo alinisikiliza vizuri kuliko siku zote. Yale maneno ya "pampu inazoesha, ukianza huachi" yapo kila nyumba, jibu letu ni kwamba asiyeachia ni pumu, pampu haijamng'ang'ania mtu. Ila tusiwalaumu wazazi tu, kuna zahanati tumeenda mara tatu na mara zote ya kahawia hamna, na kwenye duka la dawa bei yake unaijua mwenyewe.

Sasa jambo lililonifanya niandike yote haya. Kuna familia tuliikopesha mtungi wa gesi wa kilo sita ili waache mkaa. Tukapiga picha, tukafurahi. Nilivyorudi baada ya miezi miwili mtoto bado anakoroma kifua na mtungi uko uvunguni mtupu. Nikataka kukasirika, mama akanielewesha: mkaa unapimiwa kwa kopo, ukiwa na mia tano unapika leo, gesi inataka uwe na hela ya mtungi mzima kwa mkupuo. Serikali ina mkakati wake wa nishati safi wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania, sawa, lakini pale uvunguni niliona kinachokwamisha.

Alafu mvua ikaanza nikiwa nimekaa palepale. Ile nyumba ina vyumba saba na korido moja katikati, mnazijua nyumba zetu. Wapangaji wakaingiza majiko yao matano kutoka uani wakayapanga koridoni, moshi ukapita chini ya kila mlango. Hata ule mtungi ungekuwa umejaa ungesaidia nini? Boston nesi anaingia kwa familia moja, akifunga mlango hewa ni yao. Huku mtoto wako anavuta jiko la jirani.

Tukaenda kwa mama mwenye nyumba, tukaitisha kikao uani. Kaka mmoja akasema pumu ya mtoto wenu isinifanye nilowe na sufuria yangu, na kwa kweli alikuwa na haki yake, nani atapika kwenye mvua? Ikaishia kwa kibanda cha kupikia uani, mabati mawili na miti minne, wapangaji wakachanga, mama mwenye nyumba akaongezea misumari, majiko yakahamia huko. Na dawa ya mbu ya kuchoma tukakubaliana isiwashwe koridoni. Mtoto bado ana pumu, ila tangu mabati yapande mama yake hajanipigia simu usiku.

Kosa jingine niliseme haraka. Mwanzoni tuliingia kwa watu kama mabwana afya, daftari mkononi, hili zulia litoke, huu ukuta una fangasi, hawa mende mbona wengi. Dada mmoja alitufungia mlango na sijui kama atatufungulia tena. Siku hizi daftari linabaki kwenye begi.

Kwahiyo naomba mkutano upitishe mawili. Kwanza mwaka ujao tuhesabu nyumba badala ya watoto, tukifika tunaongea na wapangaji wote na mwenye nyumba, mjumbe akiwa na habari. Pili mfuko wa kukopesha mitungi ugeuzwe uwe wa mabati na pampu za kahawia, najua wapo watakaopinga, tubishane hapohapo. Siku ya Pumu Duniani ni Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano, tisheti hatuchapishi.

Chai itakuwepo. Mwenye chupa ngumu za nusu lita aje nazo, zile laini za kuminyika hapana, na fundi wetu kasema safari hii hataki kuunguza vidole peke yake.