Baba, Uje Uione Kazi ya Mafundi wa Pujini

Chake Chake, Pemba

Kwa baba yangu mpenzi, na mama, na wote mlioko nyumbani Langoni, Lamu,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, mimi mzima wa afya, namshukuru Mola, na dua yangu ni kwamba nanyi mko katika hali hiyo hiyo. Pesa ya dawa ya bibi nimeituma kwa simu. Kama haijafika, kaka anijulishe. Mama, anayewaletea barua hii anakuja pia na halua ya Wete, mgawie na mjomba. Karafuu ulizoniomba sitaweza kukuletea. Hapa zote huuzwa kwa shirika la serikali, na kuzivusha kwenda Kenya ni magendo. Ukija mwenyewe utanusa mpaka uchoke, kwani msimu huu zimeanikwa majamvini kila ukingo wa njia, na mji mzima unanukia.

Baba, barua hii hasa ni yako. Nimeiandika kwa kalamu kwa sababu najua ya simuni huyasomi, na haya nataka uyasome polepole, umevaa miwani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Pujini na shoga yangu, mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa hapa. Yeye ndiye aliyenichokoza: vipi mtoto wa mwashi akae Chake muda wote huu asifike kwa Mkama Ndume, mtawala wa kale aliyejenga boma la Pujini? Tukatoka asubuhi mapema, mikoba imejaa mihogo ya kuchemsha na maji ya kunywa, tukapanda gari ya abiria mpaka njia ya lami ilipotuacha, tukaendelea kwa miguu.

Pujini iko kusini-mashariki ya Chake, kama kilomita 10 hivi, lakini kilomita za Pemba si za Lamu. Sisi kwetu tumezoea bapa, ukitaka kupanda uende kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Hapa ardhi yote ni kupanda na kushuka. Ukiteremka unakuta bonde la mpunga, wanawake wameinama majini, ng'ombe wamefungwa pembeni. Ukipanda unaingia kwenye mikarafuu na minazi, kivuli kizito, njia nyekundu inateleza. Kisha bonde jingine. Punda sikumwona hata mmoja. Mizigo huku hukokotwa na ng'ombe kwa gari la magurudumu mawili. Shoga yangu alikuwa akinionyesha mashamba ya ukoo wake, akanieleza kwamba karafuu za Pemba zilishika nafasi ya kwanza baada ya kimbunga cha 1872, kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote. Miti mingi tuliyopita ni mirefu mno, na wachumaji wanaparamia mpaka kwenye matawi membamba. Moyo wangu ulinidunda kuwatazama.

Tulipofika karibu tulimkuta mzee akichunga. Tukampa shikamoo, akatukalisha, akatuangulia madafu, akamuuliza shoga yangu ni mtoto wa nani, mpaka wakakuta kwamba wana ujamaa upande wa bibi. Hayo yalichukua muda mrefu kuliko njia yote. Baadaye akatuelekeza kwa fimbo: nendeni, mtauona mwinuko.

Na kweli mwanzo nikaona mwinuko tu, udongo uliofunikwa na vichaka. Nikaupanda. Ndipo nikaona kwamba upande wa pili umeshikiliwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yamepangwa kwa mkono unaojua. Baba, nilisimama pale nikakukumbuka wewe na mjomba mkiwa juu ya jukwaa, mkibishana jiwe lipi likae wapi. Boma hili ni la karne ya 15. Limezunguka eneo kubwa la pembe nne, ngome ya udongo na mawe pamoja, na ndani kuna misingi ya majumba. Wataalamu wanasema katika pwani yote ya Waswahili, kwa zama hizo, haijaonekana ngome nyingine ya namna hii. Miji yetu ilikuwa na kuta, lakini kuta za mji. Hii ni ya mtu mmoja aliyetaka kujifungia, au kuwafungia nje wengine.

Mtu huyo ndiye Mkama Ndume, na habari zake zingali midomoni mwa watu. Wanasema alikuwa mkali kupita kiasi, hata waliombebea mawe aliwalazimisha wajiburute kwa makalio, jiwe mapajani, marufuku kusimama. Shoga yangu alilisimulia hili akiwa ameshusha sauti, maana bibi yake alimkataza tangu utotoni kutaja jina hilo hovyo mahali pale. Mimi siamini kwamba mawe yale yalibebwa hivyo. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba chokaa haimsubiri mtu. Ukichelewesha jiwe, kazi imeharibika. Ukuta ule umejengwa na watu waliosimama wima na walioijua kazi. Lakini naamini kwamba waliteswa, kwa sababu watu hawahifadhi habari ya uchungu kiasi hicho kwa miaka mia tano bure. Ya mafundi wenyewe hakuna anayeyasimulia. Jina la mtawala limebaki, na mateso yamebaki. Waliochoma ile chokaa, hakuna anayewataja, na hilo liliniuma mchana kutwa.

Kuna kisima pia. Hiki mama atakipenda. Kimegawanywa kwa ukuta katikati, na wanasema Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasioonana kwa wema: mmoja alishuka kwa ngazi mpaka kwenye maji, wa pili aliteka kutoka juu kwa kamba na ndoo, ili wasikutane uso kwa uso. Shoga yangu anaiamini hadithi hii neno kwa neno. Mimi nilitazama zaidi ule ukuta wa kati. Kuujenga ndani ya shimo lenye maji, ukasimama mpaka leo, si kazi ya mwanafunzi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Wanaakiolojia waliochimba hapo katika miaka ya 1990, wakiongozwa na profesa Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, walikuta chumba chini ya ardhi, na kwenye lipu ya ukuta wake pamechongwa siwa, lile baragumu la enzi. Siwa, baba! Ile ile tuliyokwenda kuitazama kwenye makumbusho ya Lamu nilipokuwa mdogo, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya kwetu ya shaba, ukanikataza kuweka kidole juu ya kioo. Mtawala wa Pujini, huku mbali, alitaka siwa ukutani mwake kama masultani wa Pate walivyotaka siwa mikononi mwa wapigaji wao. Mimi huku naitwa mgeni, na hunikalisha kwa heshima ya mgeni, sina malalamiko. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka, nilijiona nimesimama kwetu.

Chumba chenyewe sikukiona kwa macho. Upande ule majani yameshona, na shoga yangu hakutaka tusogee. Tulikuta vipande vya kitambaa na chetezo kilichovunjika. Watu wanakwenda pale kuomba haja zao. Mama, najua utasema nini, nami sikuomba lolote. Nilisoma Fatiha kwa ajili ya wote waliofia pale na tukaondoka upande huo. Ila nakiri kwamba chetezo kile kilinipa faraja fulani. Maana yake kuna mtu anafika, anajua njia, anafagia kidogo anapokaa.

Linalonitia hofu ni miti. Sehemu moja ya ukuta mzizi mnene kuliko mguu wangu umepenya kati ya mawe, umeyasukuma yakaegemea nje. Sehemu nyingine lipu imebaki kipande cha upana wa sinia, nyuma yake chokaa inamomonyoka ukiigusa. Nyumba zetu za Lamu zina watu ndani, zina wewe wa kuziba ufa kabla ya masika, na tangu 2001 mji mzima umo katika orodha ya urithi wa dunia. Pujini mvua inanyesha moja kwa moja juu ya msingi. Nilijaribu kumweleza shoga yangu kwamba mti ule usikatwe ovyo, kwani mzizi ukioza ndani ya ukuta unaacha tundu, na ukuta unaangukia humo. Hayo niliyasikia kwako. Lakini akiniuliza ufanyweje sasa, sina jibu, na hapo ndipo ninapokuhitaji.

Tulirudi kwa njia ya mabondeni, jua limekwisha kupinda. Tulikula mihogo juu ya kilima kimoja, na kutoka hapo unaiona mikoko ya upande wa mashariki na bahari nyuma yake. Shoga yangu ana watu wake Mtambwe, akaanza kunisimulia kuhusu Mtambwe Mkuu, mahali zilipochimbuliwa sarafu zaidi ya 2,000 mwaka 1984, nyingi vipande vidogo vya fedha vyenye majina ya watawala wa hapa hapa pwani, na dinari za dhahabu kutoka nchi za mbali. Upande wa magharibi kuna Ras Mkumbuu, na msikiti wake, na makaburi ya nguzo kama tunayoyajua sisi. Al-Masudi, yule msafiri Mwarabu, alifika mwaka 916 katika kisiwa alichokiita Kanbalu akawakuta Waislamu, na wengi wa wanachuoni wanaamini kisiwa hicho ni Pemba hii. Huko hatujaenda, na nimemwambia tusiende mpaka uje.

Kwa hiyo baba, uje. Usiniambie magoti. Kupanda na kushuka tutatafuta pikipiki mpaka inapofika, na hatua zilizobaki mzee wa ng'ombe ameshasema atatusindikiza. Pitia Tanga au Unguja, upendavyo; ukishuka bandari ya Mkoani nitakuwa nimekwisha kufika. Mkenya hahitaji viza, ila chukua pasi yako ya kusafiria usisumbuliwe. Njoo na timazi na mwiko wako mdogo, si kwa ajili ya kutengeneza kitu, hilo lina wenyewe na lina idhini zake, bali nimezungumza na mkuu wangu, amekubali uje darasani uwaonyeshe wanafunzi jinsi jiwe la tumbawe linavyochongwa na chokaa inavyochomwa. Wengi wao wanaishi umbali wa kutembea kutoka boma lile na hawajawahi kumwona mtu anayeifanya kazi hiyo kwa mikono.

Kaka aje nawe kama kazini watamruhusu. Bibi mwambieni asihangaike na mahamri ya njiani, hapa chakula kipo. Mama, buibui langu la pili lilibaki kwenye kabati la ndani, litie kwenye mzigo wa baba.

Nijibu mapema, ili niombe ruhusa ya siku chache na nikutafutie chumba cha chini kisicho na ngazi.

Wasalaam,
Binti yenu