Msitupimie kwa vipimo vya wanaotembea

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mazoezi na unene iliwaambia watu wa viti vya magurudumu wafuate ratiba ile ile ya wengine, ila watumie mikono. Mimi ni mmoja wa walioumia uti wa mgongo, na ushauri huo nimeuchoka.

Misuli iliyo chini ya jeraha husinyaa, mafuta yakajipenyeza ndani yake. Misuli ikipungua, mwili hutumia nishati kidogo hata ukiwa umepumzika. Mikono nayo ni misuli michache, na ikikazwa sana hukimbilia sukari kuliko mafuta. Ndiyo maana saa nzima ya kuzungusha pedali za mikono haichomi mafuta kama saa ya kukimbia, hata jasho likitutoka (sisi ambao bado linatutoka).

Aliyeumia shingoni ana mzigo wa ziada. Amri ya ubongo ya kumwaga adrenalini (homoni ya kuamsha mwili) na kufungua akiba ya mafuta hushuka kupitia uti wa mgongo, na kwake imekatika njiani. Moyo wake mara nyingi hukomea mapigo 110 hadi 130 kwa dakika, hata ajitahidi vipi. Halafu mkufunzi anamtaka afikishe 150! Afadhali amuulize anahema kiasi gani.

Mizani ndiyo hudanganya kuliko vyote. Kwa kipimo cha uzito kwa urefu, mtu huhesabiwa mnene kupindukia akifika 30. Kwa walioumia uti wa mgongo watafiti wamependekeza 22. Kwa hiyo mtu anaweza kusifiwa wembamba huku lehemu nzuri (kolesteroli ile isiyodhuru) iko chini na kisukari kinamnyemelea.

Sisemi tukae tu. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 kwa walioumia uti wa mgongo inapendekeza angalau dakika 30 za mazoezi ya kuhemesha, mara 3 kwa wiki, kwa afya ya moyo na umetaboli (jinsi mwili unavyotumia chakula). Penye mashine za kusisimua misuli ya miguu kwa umeme, miguu nayo huingizwa kazini. Lakini anayetaka kumaliza kitambi kwa mikono peke yake ataumiza mabega kwanza, na mabega hayo ndiyo yanayomtoa kitandani na kumweka kitini. Sahani ipunguzwe pia, na makala yenu haikugusa chakula hata kwa sentensi moja.

Mkirudia mada hii, mhojini daktari anayetibu watu kama sisi.

Msomaji wenu