Chumba cha jivu katika kiwanja cha mama

Bwana Mhariri,

Ninawaandikia kutoka Katuba, Lubumbashi. Kiangazi hiki, barabara zikiwa kavu, ninaona familia nyingi zinahamisha wazee wao. Sisi tulihamisha wetu mwaka jana, na tulianza vibaya. Sitaki mwingine aanzie pale tulipoanzia sisi.

Nyumba ya wazazi wetu ina vyumba vitano, mwembe mbele na kisima nyuma. Baba alistaafu kazi ya reli zamani, na sisi watoto saba tumetawanyika. Mama alipoteleza kisimani akavunjika mkono, tulikaa wote pamoja nao tukakubaliana: nyumba iuzwe, waende Likasi, kilomita 120 hivi kutoka hapa, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya yaya, mkubwa wetu. Juu ya kuuza hapakuwa na ugomvi. Ugomvi uliletwa na vitu.

Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, alituambia kwamba nyumba iliyojaa haiuziki, mnunuzi anataka kuona kuta. Tukamsikiliza. Jumapili moja, wazee wakiwa kanisani, tuliita pusipusi mbili, mikokoteni ya kusukuma. Tukapakia viti vibovu, kabati lililolegea na cherehani ya mama, vyote vikaenda sokoni Njanja. Chini ya kitanda tulikuta gunia la karatasi zilizoliwa pembeni na mchwa. Tukalichoma.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Alisimama pale cherehani ilipokuwa, akatazama alama nne za miguu yake kwenye simenti, akauliza: "Wanangu, mumeuza mkono wangu uliobaki?" Kwa cherehani ile alitulipia shule miaka ambayo mshahara wa baba haukuja. Siku tatu alikula uji tu, bukari (ugali) aliikataa.

Baba aliuliza gunia. Ndani yake mlikuwa stakabadhi za kodi na karatasi ya mauzo aliyopewa na mwenye kiwanja wa kwanza. Hapa ninaomba wasomaji wanisikilize vizuri. Hapa Kongo, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na kinachothibitisha haki yako ni setifika ya usajili, yaani hati ya kiwanja. Miaka uliyoishi pale haitoshi, wala ushuhuda wa majirani hautoshi. Setifika ya kwetu ilikuwa bado kwa jina la yule wa kwanza, na karatasi pekee iliyomuunganisha baba naye tuliigeuza majivu. Miezi mitano tulikuwa tunazunguka kutafuta watoto wa yule marehemu ili watie saini upya. Komisioneri naye alitaka saini ya baba peke yake, kumbe Sheria ya Familia ya 1987 inadai mume na mke wakubaliane wote wawili kabla ya kuuza nyumba wanayoishi.

Aliyetuokoa ni mama mdogo. Alituma mtu apime vile vyumba vya Likasi kwa kamba. Kamba ilipofika, akachota jivu kwenye mbabula, jiko la makaa, akachora vyumba vyote viwili juu ya udongo wa kiwanja, kwa ukubwa wao kamili, akaacha nafasi ya mlango na dirisha. Halafu akamwambia mama: "Dada, ingia kwako."

Mama aliingia kwa kupitia mlango wa jivu. Hakuruka mstari hata mara moja. Tulileta kitanda, akakisogeza mara tatu hadi kichwa kikae mbali na dirisha. Tulileta kabati kubwa la sebuleni. Alilizunguka, akaona kwamba baba hatapata pa kupitisha fimbo yake, akasema mwenyewe: "Hili lirudi." Hakuna mtoto aliyefungua kinywa. Kazi tuliyoshindwa kuimaliza kwa majuma mengi, yeye aliimaliza kwa asubuhi mbili.

Sufuria zilikuwa 27, zile kubwa ambazo avenyu nzima iliziazima kwa ndoa na kwa vilio, yaani misiba. Alibakiza 4. Kwa zile nyingine aliwaita wanawake wa avenyu, kila mmoja akapewa yake na kuambiwa ilipika kwenye kilio cha nani. Ile iliyopika kwenye kilio cha bibi yetu aliishika muda mrefu kabla ya kuitoa. Katika mkebe wa biskuti tulikuta noti ya zaire milioni 5 ya mwaka 1992, pesa ya zamani ya nchi yetu. Haikununua kitu tangu sisi tukiwa wadogo, lakini baba aliikunja akaiweka mfukoni, na hatukumuuliza.

Nyumba imeuzwa, kwa saini mbili. Wazee wako Likasi na mkono umepona. Kimebaki kitu kimoja, nacho ndicho kilichonisukuma kuandika. Cherehani ile ni Singer nyeusi ya kukanyaga, meza yake ya mbao imeungua alama ya pasi upande wa kulia, na droo ya kushoto haina kishikio, imefungwa kitambaa cha kikwembe (kitenge) cha kijani. Kama msomaji yeyote aliinunua Njanja, aache ujumbe kwenu gazetini. Tutamrudishia pesa yake na kuongeza, na pusipusi tutailipa sisi.

Binti wa pili,
Katuba, Lubumbashi