Kwa vijana mlioajiriwa mwaka huu: msiziache kete zenu za bao

Wanangu na wapwa zangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Naandika nikiwa na uchungu, kwa hiyo nikifoka mnivumilie.

Mwezi Machi tulimzika shemeji yangu. Mwanawe wa kwanza, mpwa wangu, alikuwa ameanza kazi Dar es Salaam tangu Januari, kazi ya ofisini yenye mshahara mzuri na wakubwa wasiolala. Alifika asubuhi, tukazika alasiri. Watu wanatia udongo, simu yake ikaita. Akasogea chini ya mwembe akaanza kueleza habari za ripoti, na udongo wa kaburi la baba yake bado uko viganjani. Usiku uleule akapanda basi. Matanga tukayaanua bila yeye.

Mwezi Juni mkewe akanipigia simu analia. Kumbe kila asubuhi kijana anavaa, anaaga, anafika mpaka mlango wa ofisi, kisha miguu inakataa kuingia. Anakaa kituo cha daladala hadi jioni. Hata miezi 6 haikutimia, wakamwachisha.

Kazi hupatikana nyingine. Mimi miezi mitatu ile ndiyo inayoninyima usingizi. Alikuwa akizama polepole katikati ya jiji lile lote, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza, "Mwenzetu, una nini?"

Hapa nisikilizeni vizuri. Kijana huyu nilimfundisha bao akiwa na miaka 10. Alipohamia Dar alipata baraza la bao Magomeni, na kila Jumamosi alikuwa pale. Siku aliyopata barua ya ajira aliniambia, "Mjomba, sasa mimi mtu wa kazi, kete zitasubiri." Nami nikamsifu! Nikaona amekua. Na wengi wenu mmefanya vivyo hivyo: mwingine kaacha kwaya, mwingine mpira wa mchangani, mwingine cherehani yake imefunikwa inakula vumbi. Mambo yakibana, hicho ndicho cha kwanza kutupwa, kwa kuwa hakina mshahara na hakuna atakayekudai.

Mwaka 1979 nilikuwa karani mgeni kwenye ghala la katani, na mama yangu alikuwa na wiki sita kaburini. Kazini sikukosea hesabu hata moja. Nyumbani nilicheka na watu. Jioni moja barazani, tuko kwenye namua, yaani mwanzo wa mchezo mtu anapoingiza kete za mkononi, kete yangu ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba, lile shimo la akiba. Nyumba imeshiba, hata mtoto angejua kuwa hapa unalala, zamu yako inaishia hapo. Mimi nikaizoa yote nikasafiri nayo, nikizigawa kete shimo kwa shimo, bila shabaha, bila hesabu. Mzee niliyekuwa nikicheza naye hakugusa kete. Alinitazama, akafunika bao kwa shuka yake, akasema, "Inuka tutembee." Tulitembea kwa miguu hadi Raskazone, na huko, mbele ya bahari, ndipo nilipomlilia mama yangu kwa mara ya kwanza.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mtu aliyekaa mbele yako mwaka mzima juu ya mashimo hayo anaujua mkono wako, na ukitetemeka anaona. Mkubwa wako wa kazi anaijua ripoti yako tu. Barazani ukikosekana Jumamosi mbili unaulizwa, ya tatu unapigiwa hodi. Wenzake wa Magomeni hawakumpigia hodi mpwa wangu kwa sababu tangu Januari walishazoea kwamba haji. Alipofiwa mwezi Machi, hawakujua hata kuwa amefiwa.

Sisemi mshinde barazani kutwa. Kazi ngeni ina haki yake. Nasema saa mbili kwa wiki, siku moja inayojulikana, na wenzako wajue kuwa siku hiyo huwa unakuja.

Mengine nayapitia haraka. Laleni. Msikopee mshahara ambao hamjaushika. Ndoa ikivunjika, mwambie angalau mtu mmoja pale kazini, asije akadhani ni uvivu. Kuhama nyumba kukiweza kungoja, kungoje.

Na someni haki zenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 kazini angalau siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto, kaka au dada yake. Saa za kawaida za kazi kwa wiki hazizidi 45. Mpwa wangu alikuwa hajaitimiza miezi hiyo, lakini hata habari za siku hizo 4 alizisikia kwangu, tena mwezi Juni. Wengine wanazijua ila wanaogopa kuomba kwa kuwa wako kwenye majaribio. Omba kwa maandishi, siku ileile ya msiba, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Nanyi wakubwa wa kazi, mnaompigia mtu simu akiwa makaburini, ripoti gani hiyo isiyoweza kungoja siku tatu? Zamani jirani akifiwa hata redio ilizimwa mtaa mzima.

Na sisi wazee tusijitoe lawamani. Mchana uleule wa maziko, kabla kijana hajapanda basi, tulimwita chumbani tukampa orodha: gharama za hitima, ada za wadogo zake, deni la dukani. "Wewe ndiye mwenye kazi." Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, nikanyamaza. Tulimfanya baba wa watu sita kabla hajapata nafasi ya kuwa yatima.

Sasa yuko hapa kwangu Ngamiani. Wiki mbili za mwanzo alikuwa akikaa pembeni akitutazama tunavyocheza. Ijumaa iliyopita, baada ya alasiri, alivuta kigoda, akahesabu kete zake 22 za mkononi, akaniambia, "Anza, Mjomba." Tulicheza hadi magharibi, na katikati ya mchezo akaanza kunisimulia habari za baba yake.

Mjomba wenu,
Ngamiani, Tanga