Taarifa ya Mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: mpunga wetu na njia za Kindu, mji wetu ulio ukingoni mwa mto Lualaba, mashariki mwa Kongo (DRC)

Ndugu wanachama, na hasa akina mama wa Alunguli, ng'ambo ya mto, mliovuka asubuhi hii kwa mtumbwi,

Mwaka jana nilisimama hapa nikalalamika juu ya bei ya chumvi na sabuni. Kumbe tulikuwa bado. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Sisi tulikuwa tumezoea kuangalia juu: chumvi, sabuni, vitenge, betri, vingi vilitushukia na ndege za Goma na Bukavu. Ndege zilipokoma, mji mzima ukarudi kwenye njia za babu zetu, mto na reli.

Njia hizo mnazijua. Kusini reli inakwenda Kongolo, kilomita 355, kisha inaendelea mpaka Lubumbashi. Kaskazini, Lualaba unapitika kama kilomita 300 hadi Ubundu. Hapo maporomoko yanazuia, mzigo unashushwa na kupakiwa kwenye reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906, halafu unashushwa tena Kisangani. Ukiutaka ufike Kinshasa, unapakia tena mtoni. Gunia moja, kupakia mara 3, kushusha mara 3, na kila mara kuna mkono ulionyooshwa. Pesa yetu hailiwi sana na umbali. Inaliwa pale mzigo unapolala ukingoja chombo kingine.

Mwezi wa tano tulituma mpunga wa pamoja, nami nikausindikiza kwa boti ya mbao. Ubundu tulingoja siku 19. Turubai tulilopewa lilikuwa na tundu na mvua ikalikuta. Nilipofungua gunia la chini nikaingiza mkono hadi kiwiko, ndani kulikuwa na joto kama la uji, na punje zilikuwa zimetoa vijimizizi vyeupe. Mama mmoja wa pale aliyanunua magunia hayo kwa bei ya chakula cha bata. Hasara imo katika daftari, sikuificha.

Tuliporudi tukakubaliana kukoboa hapa kwanza. Magunia 3 ya mpunga hutoa karibu 2 ya mchele. Lile la tatu ni maganda, na kwa miaka yote tumeyalipia nauli hadi Kisangani! Lakini mchele hauvumilii kungoja kama mpunga, wadudu wanauwahi. Kwa hiyo hatuwashi mashine mpaka boti imetia nanga. Baadhi yenu mnanung'unika kwamba mnapanga foleni usiku. Ni kweli, na sina dawa ya hilo kwa sasa, mazutu yenyewe, yaani dizeli ya mashine, tunayanunua kwa chupa.

Wanachama wa ng'ambo wana shida yao. Barabara za Kalima na Pangi zinaishia ukingo wa kulia, stesheni na uwanja wa ndege viko kushoto, na daraja hatuna. Kivuko kikikwama, mawese yanavuka kwa mtumbwi, bidoni kwa bidoni, yaani dumu kwa dumu. Ndiyo maana tulikodi chumba Alunguli kiwe ghala. Paa lake linavuja upande wa mlango, msiweke kitu hapo.

Wazee wanatukumbusha kwamba mpunga huu uliletwa katika karne ya 19 na Waungwana, watu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, pamoja na lugha hii ninayowaandikia, kwa miguu kutoka pwani hadi Kasongo na Nyangwe. Leo vijana bado wanasukuma baiskeli zenye mawese kutoka Kasongo, mguu mbele mguu nyuma, na nimewaona wakifika kabla ya treni. Napendekeza tuwakubali kama wanachama, na ada yao walipe kwa mzigo watakaotubebea. Najua mtunza hazina hapendi. Tupige kura.

Likelemba, mchango wetu wa kupeana kwa zamu, imekwenda vizuri, isipokuwa wanne ambao hawajarudisha. Majina sitayasoma hadharani, wanajijua.

Funguo za ghala la Alunguli ziko kwangu mpaka mchague mtunzaji. Anayetaka kulikagua daftari aje Jumanne mapema, mashine haijawashwa. Ikishawaka hatusikilizani.

Mwenyekiti