Siku 12 bila maji si kipimo cha ukame

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo linalonisumbua kila ninaposoma habari za mbegu zinazostahimili ukame. Habari hizo karibu zote husimuliwa kwa namna moja: mimea ilinyimwa maji kwa siku 10, au 14, au 21, aina moja ikanyauka, nyingine ikabaki kijani, basi iliyobaki kijani ndiyo mbegu ya kutumainiwa. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa maabara ya fiziolojia ya mimea kwa miaka 26, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupima maji, ya kwenye jani na ya kwenye udongo. Nikisoma "siku 14" hujiuliza: siku hiyo ya 14 udongo ulikuwa umekauka kiasi gani? Na jani je, lilipimwa? Saa ngapi? Sikumbuki lini nimekuta majibu.

Kuna jaribio moja ambalo sitalisahau. Tulikuwa na aina mbili za mmea mmoja, katika vyungu vya ukubwa mmoja na udongo wa rundo moja. Tukavimwagilia vyote jioni hadi maji ya ziada yakachuruzika chini, kisha tukaacha kumwagilia. Siku ya 12 aina yenye majani mapana ilikuwa imelala kabisa, na ile ya majani membamba imesimama wima. Mtafiti aliyeongoza kazi alikwisha kuandika daftarini kwamba ya pili inastahimili ukame. Mimi nilikuwa na zamu ya kupima alfajiri. Saa 11, giza bado, nikaingia bandani na tochi. Majani mapana yakanipa −1.6 megapaskali, kipimo cha presha ambacho namba yake hushuka chini ya sifuri kadiri mmea unavyozidi kuwa na kiu. Majani membamba, −0.3. Nikadhani nimekosea, nikarudia kwenye mimea mingine sita, hali ikawa ileile. Kisha nikaanza kuvinyanyua vyungu nivipime uzito, na hata kabla sijaitazama mizani mikono ilikwisha kujua: vyungu vya majani membamba vilikuwa vizito zaidi, kilo moja na ushei.

Mmea ule ulikuwa mdogo, una majani machache, na ulikunywa polepole. Udongo wake ulikuwa bado na maji tele. Ukame tuliousifu kwamba umeustahimili ulikuwa haujaufikia.

Tukaanza upya. Safari hii tulipima uzito wa kila chungu kila jioni, na kile kilichopoteza maji mengi zaidi tukakirudishia kiasi, ili vyote vikauke kwa mwendo mmoja. Kwa njia hiyo tulizifikisha aina zote mbili karibu na −1.0 kwa kipimo cha alfajiri. Hapo iliyoanza kunyauka ni ile ya majani membamba. Jina lake lingeweza kutoka kwenye gazeti kama lako, watu wakaitafuta mbegu yake, kwa sababu tu hakuna aliyebeba mizani.

Nieleze tarakimu hizo, kwa kuwa ndizo kiini cha barua hii. Wataalamu huita potenshali ya maji. Maana yake, kwa lugha ya kazini kwetu, ni jinsi maji yalivyoshikwa: kadiri yanavyoshikwa kwa nguvu na udongo, chumvi au mirija ya mmea, ndivyo namba inavyoshuka chini ya sifuri. Maji safi yaliyo wazi ni sifuri. Mmea ulioshiba maji husoma −0.1 hadi −0.3 hivi alfajiri. Kwa udongo, vitabu vimezoea kuchukua −1.5 kuwa mahali ambapo mimea mingi ya shambani hunyauka na haiinuki tena hata usiku, ingawa vichaka vya jangwani huishi chini ya −5.

Wengi huchanganya kuwapo kwa maji na kupatikana kwa maji. Mikoko imesimama ndani ya bahari, lakini maji ya bahari yenyewe yako karibu −2.5 kwa sababu ya chumvi, hivyo mkoko hauna budi kuvuta kwa nguvu kuzidi hapo ili upate tone. Udongo nao una siri hiyohiyo. Udongo wa kichanga wenye unyevu wa asilimia 15 unaupa mmea maji kwa raha. Asilimia 15 ileile katika udongo mzito wa mfinyanzi, mmea unakufa kiu, kwa kuwa chembe zile ndogo zimeyakumbatia maji haziyaachii. Anayeandika "unyevu wa udongo ulikuwa asilimia 15" bila kusema ni udongo gani bado hajatuambia kama mmea ulikuwa na kiu.

Chombo nilichokitumia zaidi ni chemba ya presha. Ilienea katika maabara baada ya mtafiti Scholander na wenzake kuchapisha kazi yao mwaka 1965. Hao walipohitaji vitawi vya juu kabisa vya miti mirefu waliviangusha kwa bunduki. Ukishaielewa, kazi yake ni ya wazi. Jani likiwa mtini, maji ndani ya mirija yake yamevutwa kama uzi uliokazwa. Ukilikata, uzi unakatika na maji yanarudi ndani, mbali na mahali ulipokata. Unaliweka jani ndani ya chemba ya chuma, kikonyo chake kimetokeza nje kupitia raba inayobana, unafungulia gesi ya naitrojeni polepole huku umeinamia lenzi na miwani ya kinga usoni. Maji yanapotokeza tu kwenye kikonyo, unafunga gesi na kusoma geji. Presha iliyohitajika kuyarudisha ni sawa na nguvu iliyokuwa ikiyavuta. Unaiandika kwa alama ya kutoa.

Ugumu uko kwenye mikono ya mpimaji. Jani lililokatwa juani hupoteza maji ndani ya sekunde chache, kwa hiyo linafunikwa kwa mfuko wa plastiki kabla wembe haujaligusa. Gesi ikifunguliwa kwa pupa, namba inapitiliza. Povu la hewa linalochemka kwenye kikonyo si maji, na mwanafunzi mgeni hulisoma kama maji. Nimewafundisha wengi, na sikumruhusu yeyote aandike namba yake kwenye daftari la kazi mpaka majani matatu ya mmea mmoja yampe namba zinazokaribiana.

Halafu kuna saa. Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilijaza kurasa nyingi za vipimo vya jani bila kuandika saa. Nilipima mimea ya kwanza asubuhi ya saa 3, ya mwisho saa 7 mchana jua likiwa kali, na mimea iliyonyimwa maji nilikuwa nimeipanga mwisho wa mstari. Tofauti niliyoipata ilikuwa kubwa na ya kupendeza. Mtaalamu mmoja mzee akanitaka nimwonyeshe saa ya kila kipimo, sikuwa nayo, akanirudishia daftari. Miezi miwili ya kazi ikapotea, na ilistahili kupotea. Jani la mmea uliomwagiliwa vizuri linaweza kushuka hadi −1.0 adhuhuri na kurudi karibu na sifuri usiku. Ukipima mmoja asubuhi na mwingine adhuhuri, ulichopima ni jua.

Ndiyo maana napigania kipimo cha alfajiri. Usiku stomata, vile vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, kwa kawaida hufungwa, mvutano unatulia, na kabla jua halijachomoza mmea unakuwa umelingana na udongo ulio kwenye mizizi yake. Jani linakuwa shahidi wa udongo ambao huwezi kuufikia kwa jembe. Shahidi huyu ana upendeleo wake: mizizi ikiwa na sehemu moja yenye maji na nyingine kavu, atakusimulia zaidi habari za ile yenye maji. Hata hivyo, sijapata mwingine wa kumwamini zaidi.

Kipimo cha mchana nacho kinahitajika, ila kisisimame peke yake. Mahindi hufunga stomata mapema udongo unapoanza kukauka, hivyo namba ya jani lake adhuhuri haishuki sana; ukiangalia namba hiyo tu utasema hayana shida, kumbe yamefunga milango na hayajengi chakula. Alizeti huendelea kuacha wazi na namba yake hushuka sana. Ukiyalinganisha kwa kipimo cha adhuhuri pekee utaiita alizeti dhaifu. Kwa hiyo adhuhuri tulikuwa tukipima pia jinsi stomata zilivyofunguka, kwa porometa.

Kuhusu vyombo vya udongo nitasema machache. Tensiometa, inayopima jinsi udongo ulivyoyashika maji, ni chombo kizuri kwa udongo wenye maji, lakini mwisho wake ni karibu −0.08 megapaskali, udongo ukikauka kupita hapo hewa inaingia, na mshale unarudi kuelekea sifuri kana kwamba mtu amemwagilia. Nimewahi kuona mchoro wa jaribio la ukame ambao udongo wake "ulilowa" katikati ya kiangazi bila tone la mvua, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Vihisi vya umeme vinavyochomekwa ardhini vinategemea kwamba maji yana kipimo cha dielektriki, yaani uwezo wa kuhifadhi nguvu ya umeme, cha karibu 80, wakati chembe kavu za udongo ni 3 hadi 5 na hewa ni 1. Vinasoma haraka na vinaweza kuachwa shambani msimu mzima, ila chumvi na mfinyanzi huvidanganya. Lazima visahihishwe kwa udongo wa mahali penyewe, na kazi hiyo watu wengi huiruka.

Nimesikia utetezi kwamba vyombo hivi ni ghali na si kila kituo kinavyo. Ni kweli kwa chemba ya presha. Lakini udongo unaweza kupimwa kwa mizani na tanuri: pima uzito wa udongo mbichi, ukaushe kwa nyuzi joto 105 kwa saa 24, pima tena, kilichopungua ni maji. Jani linaweza kupimwa kwa mizani ndogo. Lipime likiwa limetoka kukatwa, liache lielee kwenye maji safi kwa saa chache hadi lishibe, likaushe kwa kitambaa juu juu, lipime tena, kisha likaushe kabisa tanurini na ulipime mara ya tatu. Tuseme lilikuwa gramu 0.82 lilipokatwa, 1.00 liliposhiba, na 0.20 likiwa kavu. Maji lililokuwa nayo ni 0.62, ambayo lingeweza kubeba ni 0.80, basi lilikuwa na asilimia 77.5 ya uwezo wake. Kipimo hiki kina mapungufu, hasa kwa mimea inayokusanya sukari na chumvi ndani ya seli inapokaukiwa, maana huweza kubaki na asilimia kubwa wakati namba ya megapaskali imeshuka sana. Pamoja na hayo, kinazidi mara nyingi kutazama jani kwa macho na kusema "limebaki kijani". Na chungu kinapimwa uzito kwa mizani yoyote inayobeba kilo kumi.

Ninachokuomba, Ndugu Mhariri, ni kwa waandishi wako. Mtafiti akiwaambia mmea wake umekaa siku 14 bila maji, wamuulize jani lilisoma megapaskali ngapi alfajiri ya siku ya mwisho, na la mmea uliolinganishwa nao lilisoma ngapi. Wamuulize ni udongo gani, na chungu kilikuwa kikubwa kiasi gani, kwa kuwa chungu kidogo hukauka kwa siku nne ilhali shamba huchukua wiki kadhaa, na mmea unaokaukiwa ghafla hauna nafasi ya kurefusha mizizi wala kujipanga. Kama anazo namba, zichapishwe pamoja na hizo siku. Kama hana, habari isubiri mpaka apime.

Daftari langu la mwaka ule wa pili ninalo bado. Kila mwanafunzi niliyempokea nilimwonyesha kurasa zile zisizo na saa kabla sijampa ufunguo wa chumba cha vyombo.

Wako,
Fundi mstaafu wa maabara ya fiziolojia ya mimea